Masizi ya Tanuri la Shangazi

Wahenga waliponena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua, hawakunena kwa kukosa la kunena. Mimi niliyeishika kalamu hii leo nimekuwa nikiusikia msemo huo tangu shule ya msingi, na nimeuandika katika insha nyingi ili mwalimu aniongezee alama. Hata hivyo, sikuijua maana yake hasa hadi siku nilipojikuta nimepiga magoti mbele ya tanuri, ndoo ya maji moto ubavuni, kitambaa mkononi, na kijasho chembamba kikinitiririka hadi kwenye ncha ya pua.

Naam, tanuri. Ile oveni ya nyumbani ya kuokea keki. Usicheke, msomaji. Kisa changu ni cha kusugua masizi, na kama wewe ni mmoja wa wale wavulana wanaodhani kuwa jikoni ni pa mama na dada zetu pekee, keti kitako nikusimulie.

Ilikuwa likizo ya Agosti, mwaka wa 2024, nami nilikuwa Kidato cha Pili. Kama ilivyo desturi yangu, nilikwenda kukaa na Shangazi yangu, dada yake baba, katika mtaa mmoja wa mashariki mwa jiji la Nairobi. Shangazi ni muuguzi. Wiki nyingine hufanya kazi mchana, na wiki nyingine hutoka jua likizama na kurudi asubuhi macho yakiwa mekundu kama pilipili hoho. Ana watoto wawili mapacha waliokuwa shule ya chekechea wakati huo. Pia palikuwa na Dada. Dada huyu hakuwa wa tumbo moja nasi. Alikuwa ameajiriwa kuwalea mapacha na kutunza nyumba, na alikuwa ametoka kwao Kakamega miaka mitatu kabla ya kisa hiki. Mapacha walimwita Dada, nami nikamwita hivyo hivyo.

Sasa nije kwenye tanuri lenyewe. Shangazi alikuwa amenunua jiko la kisasa, meko matatu ya gesi na moja la stima juu, na chini yake tanuri la stima lenye mlango wa kioo. Alikuwa ameweka pesa za chama mwaka mzima na zaidi ili alipate. Lilipoingia nyumbani alilifuta vumbi kila siku, na hata tulikatazwa kuegemea mlango wake. Halikuwa pambo, la hasha! Kila mwisho wa wiki Shangazi alipokuwa hana zamu, aliwaokea watu keki za siku ya kuzaliwa, za ubatizo na hata za harusi ndogo ndogo. Mshahara ulilipa kodi ya nyumba na chakula. Keki zililipa mengine.

Siku moja, Jumatano jioni, Shangazi alikwenda kazini. Dada naye akawachukua mapacha akaenda nao kwenye maombi ya katikati ya wiki. Nikabaki mimi na rafiki yangu wa mlango wa pili, kijana wa rika langu ambaye ulimi wake haukuwahi kupumzika. Kwenye friji palikuwa na nusu kuku.

"Buda, hii kuku tuichome kwa oveni," akaniambia. "Nimeona mahali wanaipaka asali. Inaiva hadi inang'aa."

"Shangazi atasemaje?"

"Kwani atajua? Tunakula, tunaosha, tunanyamaza."

Nami kwa upumbavu wangu nikakubali. Tulimkata kuku vipande, tukampaka mafuta na asali bila kipimo, kisha tukavipanga vipande vile juu ya wavu wa tanuri kama watu wanaochoma nyama uani. Hatukuweka sinia wala trei chini yake. Nikazungusha kitasa hadi 250, maana niliwaza kuwa moto ukizidi chakula kitaiva upesi. Haraka haraka haina baraka!

Haikupita nusu saa tukasikia "chwaaa! chwaaa!" Asali na mafuta vilikuwa vikidondoka kwenye sakafu ya tanuri. Sukari haistahimili moto wa namna ile. Hugeuka hudhurungi, kisha nyeusi, kisha ikashika chuma kama lami inavyoshika barabara. Moshi ukajaa jikoni, ukavuka sebule, ukatutoa machozi. Tulifungua madirisha yote tukapepea kwa magazeti. Kuku mwenyewe alikuwa mkaa nje na damu ndani. Rafiki yangu alikumbuka ghafla kwamba mamake alikuwa amemtuma dukani. Akaondoka.

Nilichungulia ndani ya tanuri. Palikuwa na ziwa jeusi lenye ukubwa wa sahani mbili, bado likichemka. Nilijaribu kulifuta kwa kitambaa nikaungua vidole viwili. Nikasema, "Wacha lipoe. Nitaliosha kesho." Lakini kesho yake Shangazi alikuwa nyumbani akilala. Kesho ikazaa kesho nyingine. Lile ziwa likapoa, likawa gumu kama jiwe la kiberiti, nami nikaona njia ya mkato. Nilichukua ile karatasi ya kung'aa ya kufungia chakula, foili, nikaitandaza vizuri juu ya masizi. Tanuri likameremeta kama jipya. Nikajipongeza kimoyomoyo kwa akili yangu.

Ijumaa jioni Shangazi alikuwa na mapumziko. Alikuwa ameagizwa keki ya siku ya kuzaliwa ya kuchukuliwa Jumamosi saa nane mchana. Alifungua mlango wa tanuri, akaiona foili, akauliza, "Nani ametandika hii?"

Wapenzi wasomaji, hapo ndipo nilipopewa nafasi ya kusema kweli kwa bei rahisi kabisa. Lakini ulimi hauna mfupa. Nikajibu, "Labda ni Dada. Anazuia uchafu."

"Heh! Amekuwa mwerevu," Shangazi akasema huku akitabasamu, na asubuhi yake akawasha tanuri.

Kilichofuata ni kama sinema. Foili haikutakiwa kulazwa pale kabisa. Huzuia joto kuzunguka linavyopaswa, na ikipata moto mwingi kwenye sakafu ya tanuri huweza kunata na kuganda palepale. Masizi yaliyofunikwa nayo yakaanza kufuka taratibu wakati keki tayari ilikuwa imefura katikati. Shangazi aliponusa ule moshi, alidhani ni keki inaungua. Akafungua mlango, keki ikabonyea. Akafunga, moshi ukazidi. Mwishowe keki ikatoka, rangi yake nzuri kiasi, lakini ilinuka kama kibanda cha kukaushia samaki. Aliipaka sukari ya juu kwa matumaini. Mwenye keki alipofika saa nane, aliinusa, akaonja kipande kutoka pembeni, akatikisa kichwa. Alikuwa ameahidi kulipa shilingi 3,500. Alichukua rubuni yake akaenda kutafuta keki mahali pengine.

Mlango ulipofungwa, Shangazi alirudi jikoni. Alibandua foili, ikatoka vipande vipande, mingine ikabaki imeng'ang'ania. Akaona lile jiwe jeusi chini.

"Dada! Kuja hapa! Hii ni nini?"

Dada alikuja akiwa anajipangusa mikono kwa leso. Mapacha walikuwa nyuma yake.

"Miaka mitatu unakula kwangu," Shangazi alisema, sauti ikitetemeka, "na hujui kuosha oveni? Umemwaga kitu, umekiacha kikaungua, halafu unakifunika? Unanificha mimi katika nyumba yangu mwenyewe? Mwisho wa mwezi huu nitakupa haki yako uende kwenu."

Nilikuwa nimesimama kando ya friji. Dada aliinua macho akanitazama. Hakunikodolea. Alinitazama tu, mara moja, kama mtu anayesoma saa ukutani. Kisha akainamisha kichwa na kusema, "Sawa, Mama."

Usiku ule usingizi ulinipaa. Nilijua kwamba Dada alikuwa na ndugu yake mdogo aliyekuwa Kidato cha Kwanza huko kwao, na kwamba karo yake ilitoka katika mkono uleule uliotuoshea nguo. Nilimsikia chumbani mwao akiongea kwenye simu kwa sauti ya chini, kwa lugha ya kwao nisiyoielewa. Sikuhitaji kuielewa. Jumapili ikapita, chakula kikinipita kooni kama mchanga.

Jumatatu Shangazi alianza tena zamu za usiku. Alipotoka tu, nikachukua kisu cha mboga, nikapiga magoti mbele ya tanuri na kuanza kukwangua kwa nguvu zangu zote. Mawazo yangu yalikuwa kwamba nikiliosha likang'aa, basi jambo lote litakwisha bila mimi kufungua kinywa. Kisu kikateleza, kikachora mstari mrefu mweupe kwenye rangi ngumu ya ndani.

"Wacha hiyo kisu!" Dada alikuwa amesimama mlangoni. "Unataka kutoboa oveni ya watu? Hiyo rangi ikitoka, chuma itashika kutu. Na umezima swichi ya ukuta?"

Sikuwa nimezima. Alikwenda akaizima mwenyewe, kisha akachuchumaa kando yangu. Hakuniuliza nilichokuwa nikifanya. Alinyosha kidole, akagonga lile jiwe jeusi kwa ukucha.

"Hii ni sukari na mafuta," alisema. "Hii haitaki nguvu. Inataka kungojewa."

Basi alinifundisha, nami naandika hapa hatua kwa hatua, maana najua kuna wengi miongoni mwenu watakaoyahitaji haya siku moja.

Kwanza, tulitoa nyavu na trei zote, tukazilaza kwenye beseni la maji moto yenye sabuni ya kuoshea vyombo. Pili, tulikwangua yale yaliyolegea kwa mwiko wa mbao na kwa kadi ya plastiki iliyokwisha kazi. Mbao na plastiki havichori. Chuma kwa chuma ni vita. Tatu, alinituma dukani ninunue soda ya kuokea, yaani ile bikaboneti, si ile poda ya keki, kwani poda imechanganywa na vitu vingine na nguvu yake kwa kazi hii ni ndogo. Tulitia nusu kikombe cha soda kwenye bakuli, tukaongeza maji vijiko vitatu hivi, tukakoroga hadi ikawa nzito kama dawa ya meno. Nne, tulipaka ujiuji huo kwenye sakafu na kuta za tanuri, tukiepuka zile nyaya nene zinazotoa moto. Palipokuwa na masizi mazito tulipaka kwa unene zaidi. Kisha tukafunga mlango.

"Sasa?" nikauliza.

"Sasa tunalala. Kesho asubuhi ndio tutafuta."

Nilimwambia kwamba nimewahi kuona dawa kali ya tanuri dukani, ile ya kupuliza, inayomaliza kazi upesi. Akakataa katakata. Dawa nyingi za namna hiyo huwa na kostiki soda, ambayo huunguza ngozi na macho, na mapacha walikuwa wakishika kila kitu. Anayeitumia sharti avae glavu, afungue madirisha na asome maagizo. "Kwetu hata hiyo soda hatukuwa nayo," aliongeza. "Sufuria ikiungua, nyanya anatia jivu na maji, anaacha usiku. Asubuhi unasugua na majani, inatoka. Hata mboga tunapika na maji ya jivu, tunaita musherekha. Hii soda yenu ni jivu ya dukani tu."

Tulikuwa tumekaa sakafuni, migongo ikiegemea kabati. Mapacha walikuwa wamelala. Taa ya jikoni ilikuwa ikimulika mikono yetu iliyokauka kwa soda. Sijui nilipata wapi ujasiri.

"Dada, ulijua ni mimi?"

"Kuku ilikuwa nusu kwa friji. Nilirudi nikakuta mifupa kwa takataka. Kwani mimi ni kipofu?"

"Basi mbona hukumwambia Shangazi?"

Alinyamaza kwa muda. Nilidhani atasema kuwa alinihurumia, au kwamba ananipenda kama ndugu yake. Nilitaka aseme hivyo.

"Usifikiri nilikuficha," alisema. "Ningesema ni wewe, nani angeniamini? Wewe ni damu yake. Mimi ni mtu wa kazi. Angesema nimeharibu na bado nasingizia mtoto. Afadhali nifukuzwe kwa kosa moja kuliko mawili."

Kisha akainuka, akanawa mikono, akaenda kulala.

Msomaji mpenzi, nimewahi kuchapwa, nimewahi kuitwa na mwalimu wa nidhamu, nimewahi hata kufukuzwa kwenye bweni usiku kwa kupiga kelele. Lakini hakuna adhabu iliyowahi kunipiga kama maneno yale. Nilikaa pale sakafuni peke yangu, tanuri likiwa limefungwa, soda ikifanya kazi yake kimyakimya gizani. Nikang'amua kwamba hata kama lile tanuri lingetoka jeupe kama maziwa, Dada bado angepanda basi la Kakamega mwisho wa mwezi. Masizi niliyopaswa kuyaondoa yalikuwa katika jina la mtu.

Shangazi alirudi saa mbili asubuhi. Alikuwa bado hajavua viatu niliposimama mbele yake. Nilikuwa nimejitayarishia hotuba ndefu yenye methali tatu. Yote yakanitoka.

"Shangazi, ni mimi niliyechoma kuku kwenye oveni. Ni mimi niliyeweka foili. Dada hakufanya chochote."

Alinitazama kwa muda mrefu. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza.

"Leo ni Jumanne," alisema hatimaye. "Nimemwambia yule msichana maneno mabaya Jumamosi. Ijumaa nilikuuliza, ukanijibu. Umelala Ijumaa, umelala Jumamosi, umelala Jumapili, umelala Jumatatu." Alihesabu kwa vidole. "Na unajua pesa ya keki ilikuwa inaenda wapi? Baba yako alinipigia mwezi wa saba. Karo yako ya muhula wa tatu haikutosha."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze mzima mzima. Nilikuwa nimechoma karo yangu mwenyewe na kumtwisha mwingine majivu.

Shangazi aliingia jikoni akiwa na kiatu kimoja mguuni. Mapacha walikuwa wakinywa uji. Dada alisimama alipomwona. "Nilikutusi mbele ya hawa watoto," Shangazi alisema, "kwa hiyo nitasema mbele yao. Nilikosea. Nisamehe. Huendi popote, ila ukitaka mwenyewe." Dada alijibu kwa sauti ya chini, "Hakuna neno, Mama," akageuka kuangalia sufuria ya uji. Nilimwona akijipangusa uso kwa upindo wa leso.

Kisha ikawa zamu yangu. Hukumu ilikuwa na sehemu tatu. Kwanza, nimalize kuosha lile tanuri bila msaada. Pili, niende mwenyewe kwa yule mama aliyeirudisha keki nimweleze kwamba kosa halikuwa la Shangazi wala la mfanyakazi wake. Tatu, kwa siku zote zilizobaki za likizo, kila keki itakayookwa, mimi ndiye mwosha vyombo.

Nilianza na tanuri. Nilifungua mlango nikakuta ile soda imekauka, imegeuka rangi ya kahawia palipokuwa na masizi. Niliifuta kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Msomaji, nilishangaa! Lile jiwe lililokishinda kisu lilikuwa limelegea, likatoka kwa maganda makubwa makubwa. Yaliyobaki niliyanyunyizia siki, yakatoa povu "shiii," nikayafuta tena. Vipande vya foili vilivyoganda vilinichosha zaidi. Nilivipaka soda mara ya pili, nikavingojea hadi jioni, nikavitoa kimoja kimoja kwa mwiko. Nilibadilisha maji ya ndoo mara saba. Mwisho niliwasha tanuri tupu kwa dakika kumi na tano, madirisha wazi, ili harufu itoke.

Kwa yule mama wa keki nilikwenda magoti yakigongana. Nilimweleza yote. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, kisha akacheka kidogo, akaniuliza kama yule kuku alikuwa mtamu. "Mwambie Shangazi yako tutaongea kabla ya Krismasi," akasema. Na kweli, Desemba alirudi na kuagiza keki.

Shule zilipofunguliwa nilimwendea mwalimu wetu wa Kemia nikamwuliza kwa nini ujiuji wa soda ulishinda kisu. Alifurahi kama mtu aliyepewa zawadi. Alinieleza kwamba soda ile ni besi hafifu. Besi inapokutana na mafuta, hasa ikipewa muda, huanza kuyavunja na kuyageuza kitu cha jamii ya sabuni, nayo sabuni hukubali kuondoka na maji. Chembe zake nazo husugua bila kuchora. Jivu la kuni lina kaboneti ya potasiamu, ambayo pia ni besi, ndiyo maana nyanya zetu hawakuwa wakikisia walipolitia kwenye sufuria. Hata magadi ya Ziwa Magadi, kule Kajiado, ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu. Siki ni asidi, kwa hiyo ukiichanganya na soda tangu mwanzo zitauana nguvu. Iweke mwishoni, kwa yale mabaki. Pia alinionya mambo mawili ambayo nawaonya nanyi. Usiziloweke sufuria na trei za alumini katika magadi au kostiki soda, maana zitaliwa na kugeuka nyeusi. Na usithubutu kamwe kuchanganya siki na ile dawa ya madoa yenye klorini tuiitayo jiki, kwa sababu hutoa gesi ya sumu inayoweza kukuziba pumzi jikoni mwako.

Sasa niko Kidato cha Tatu. Kila likizo ninapokwenda kwa Shangazi, mimi ndiye ninayeosha tanuri baada ya keki. Siku hizi kazi ni ya dakika kumi. Ninalingoja lipoe, ninafuta kilichomwagika kingali laini, basi. Uchafu wa leo hutoka kwa kitambaa. Uchafu wa juzi hutaka usiku kucha.

Dada bado yuko. Ndugu yake naye anaendelea na masomo. Hajawahi kuniambia kwa kinywa chake kuwa amenisamehe, nami sijamwuliza, kwa sababu nadhani si haki yangu kulidai neno hilo. Lakini Desemba ile, Shangazi alipotoa keki ya yule mama ikiwa imefura na kunukia vanila nyumba nzima, Dada alinirushia kitambaa akasema, "Haya, fundi wa oveni, kazi yako." Mapacha wakacheka. Nami nikapiga magoti.

Kwenye sakafu ya tanuri lile bado upo mstari mrefu mweupe, pale kisu changu kilipoteleza. Soda haiwezi kuutoa, wala siki, wala jivu la Kakamega. Kila nikifuta, kitambaa hupita juu yake, nami hukumbuka siku nne nilizonyamaza.

Wenzangu, huenda wewe huna tanuri kwenu. Huenda ni sufuria ya ugali, au ni dirisha la darasa lililovunjwa na mpira wako akaadhibiwa mwingine. Lolote liwalo, usitandike foili. Nenda ukaseme mapema, kungali laini. Na akiwapo nyumbani kwenu mtu ambaye akisema ukweli hataaminiwa, basi useme wewe unayeaminika.